Mizani

Muuza samaki ana mizani. Mshairi naye anayo. Neno ni lile lile lililotoka Kiarabu, ila mshairi hupima silabi. Mshororo wa shairi la kawaida hubeba mizani 16, nane katika ukwapi (kipande cha kwanza) na nane katika utao (kipande cha pili); wa utenzi hubeba nane tu.

Wanafunzi wengi hukwama kwenye herufi “m”. Katika “mgeni” husimama peke yake: m-ge-ni, mizani tatu. Katika “mbegu” imeshikana na “b”: mbe-gu, mbili. Lakini neno “mbwa” nalo lina mbili, m-bwa! Hapo jicho hudanganya, sikio ndilo hakimu.

Msomaji, kabla hujahesabu kwa kalamu, lisome shairi kwa sauti, tena polepole.