Watawala wa Dunia Waliokosa pa Kulala

Mwezi Februari 1903 kijana mmoja Mkristo alikutwa ameuawa huko Dubossary, mji mdogo kando ya mto Dniester katika dola ya Tsar wa Urusi. Uchunguzi uliwaelekea jamaa zake mwenyewe. Lakini gazeti la Bessarabets, lililotoka mji wa Kishinev chini ya mhariri Pavel Krushevan, halikuwa na subira ya uchunguzi. Liliwaambia wasomaji wake kwamba Wayahudi ndio waliomuua, wapate damu ya kukandia mikate yao ya Pasaka. Uzushi huo Ulaya ilikuwa nao tangu karne ya 12, na kila kizazi kilikirithisha kinachofuata. Krushevan aliuokota tu, akautia wino, akauuza.

Jumapili ya Pasaka ya Wakristo, tarehe 19 Aprili, makundi yaliingia mitaani. Kwa siku mbili yalivunja milango, yakapora, yakabaka, yakaua. Wayahudi 49 walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa, na nyumba na maduka yapatayo 1,500 yaliharibiwa. Askari walikuwamo mjini muda wote huo, ila walikawia mno kuingilia kati. Tusisahau kwamba Kishinev, ambao leo unaitwa Chișinău na ni mji mkuu wa Moldova, ulikuwa mji ambao karibu nusu ya wakazi wake walikuwa Wayahudi. Waliovunja milango walikuwa wakiwajua kwa majina waliokuwa ndani.

Ukilinganisha na yaliyokuja miaka 40 baadaye, watu 49 wataonekana wachache. Wakati ule dunia ilitetemeka. Picha za maiti zilizopangwa chini zilichapishwa hadi Marekani, na mshairi kijana, Chaim Nachman Bialik, alitumwa kutoka Odessa kukusanya ushahidi wa walionusurika. Lakini kinachonirudisha mara kwa mara kwenye mwaka huo ni miezi iliyofuata, maana katika damu ile ile ya Kishinev zilichipuka hadithi mbili zinazopingana vibaya sana, na moja ya hizo ilifika mpaka kwetu.

Siku nne tu baada ya mauaji, Theodor Herzl, mwandishi wa habari kutoka Vienna, alikutana London na Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza. Herzl alikuwa ameripoti kutoka Paris mwaka 1895 siku kapteni Alfred Dreyfus, Myahudi aliyesingiziwa uhaini, alipovuliwa vyeo hadharani. Mwaka uliofuata alichapisha kijitabu kilichodai kwamba Wayahudi hawatapata amani mpaka wawe na nchi yao. Chamberlain naye alikuwa ametoka safari ya Afrika Mashariki, amepanda reli kutoka Mombasa Desemba 1902, na kama mabwana wengi wa enzi zile alitazama dirishani akaona ardhi tupu. Alimwambia Herzl kwamba nchi ya kuwafaa ameiona.

Barua rasmi ilitoka Wizara ya Mambo ya Nje tarehe 14 Agosti 1903. Historia imeuita mpango wa Uganda, lakini eneo lililokuja kuteuliwa lilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, maili za mraba 5,000, ambao mwaka mmoja nyuma ulikuwa umehamishwa kutoka Uganda na kutiwa katika himaya ambayo leo ni Kenya.

Kabla ya kuipeleka habari hiyo kwa watu wake, Herzl alipitia St. Petersburg kumwona Plehve, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Urusi, ambaye Wayahudi wengi walimwona kuwa ndiye mwenye lawama ya Kishinev. Alilaumiwa sana kwa kushika mkono ule. Kisha akaenda Basel, Uswisi, kwenye Kongamano la sita la Wazayuni, Wayahudi waliotaka nchi yao wenyewe huko Palestina, akaiweka Afrika Mashariki mezani. Hakusema iwe badala ya Palestina. Aliomba kongamano likubali kutuma wachunguzi waitazame nchi. Max Nordau, msaidizi wake, aliiita makazi ya kulala usiku mmoja tu. Kura zilikuwa 295 za ndiyo na 178 za hapana, na karibu mia moja hawakupiga. Waliokataa kwa uchungu zaidi walikuwa wajumbe kutoka Urusi, wakiwamo wale wa Kishinev wenyewe, ambao miezi minne nyuma mitaa yao ilifunikwa manyoya ya mito iliyopasuliwa. Walitoka ukumbini, wengine wakakaa chini wakilia kama waliofiwa. Desemba mwaka huo mwanafunzi mmoja alimfyatulia Nordau risasi Paris, akamkosa. Herzl alifariki Julai 1904, akiwa na miaka 44.

Huku kwetu je? Walowezi wa Kizungu waliposikia, walikuja juu. Lord Delamere, ambaye mwenyewe alikuwa hajakaa sana nchini, alipeleka simu kwa gazeti la The Times kupinga, na Nairobi ikafanyika mikutano ya hasira. Mgeni wa jana alimkataza mgeni wa kesho, tena kwa maneno yale yale yaliyokuwa yakisemwa dhidi ya Wayahudi katika vichochoro vya mashariki ya London. Wenye nchi hawakuulizwa na upande wowote. Uasin Gishu lilikuwa jina la Wamaasai waliovunjwa nguvu katika vita vya karne ya 19, na Wanandi walilisha ng'ombe wao humo. Oktoba 1905, wakati Wanandi wakipigania ardhi yao, orkoiyot wao, yaani kiongozi wao wa kiroho, Koitalel arap Samoei, aliuawa na Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa kupatana. Siwezi kuisimulia habari ya Herzl na Chamberlain kana kwamba Koitalel hakuwapo. Lakini pia siwezi kumtwika Herzl dhambi za ofisi iliyogawa ardhi ya watu kwa kalamu kabla yake na baada yake.

Wachunguzi watatu, Meja Gibbons wa Uingereza, Kaiser wa Uswisi na mhandisi Wilbusch, Myahudi kutoka Urusi, walifika mwanzoni mwa 1905. Wilbusch alirudi na jibu la mkato: nchi haifai. Kongamano la 1905 likaukataa mpango. Mwaka 1908 walifika Makaburu kutoka kusini na magari ya ng'ombe, na shamba namba 64 likageuka mji wa Eldoret, ambao wazee wa huko bado wanauita Sisibo.

Turudi St. Petersburg, mwisho wa Agosti ya 1903 kwa kalenda ya Warusi. Wajumbe wa Basel walikuwa ndio kwanza wamerudi makwao na macho mekundu. Krushevan, mhariri yule yule wa Kishinev, alikuwa na gazeti jingine katika mji mkuu, Znamya. Ndani yake akaanza kuchapisha, sehemu kwa sehemu, maandishi aliyodai ni kumbukumbu za siri za viongozi wa Wayahudi wanaopanga kuitawala dunia: kuzimiliki benki, kuyanunua magazeti, kuzichonganisha serikali. Hayo ndiyo yaliyokuja kuitwa Protokali za Wazee wa Sayuni.

Ziweke hizo habari mbili pamoja. Katika majuma yale yale ambapo wajumbe halisi wa Wayahudi walikuwa wakigombana, wakilia, wakiomba wapewe hata kichaka cha ng'ambo ya bahari walale usiku mmoja, gazeti linawaambia Warusi kwamba watu hao hao wameishika dunia mkononi. Naona humo ndimo chuki dhidi ya Wayahudi inamotofautiana na dharau nyingine za ukabila tunazozijua. Sisi tulidharauliwa kwa kuambiwa tuko chini. Myahudi aliambiwa yuko juu, kajificha, na kwa hiyo kumpiga ni kujitetea. Kadiri alivyozidi kuwa mnyonge ndivyo mpigaji alivyozidi kujiona shujaa.

Na milango ilizidi kufungwa. Mwaka 1905 bunge la Uingereza, chini ya serikali ya Arthur Balfour, lilipitisha sheria ya kuzuia wageni, iliyowalenga hasa Wayahudi waliokimbia dola ya Urusi. Serikali ile ile iliyokuwa tayari kuwapa Uasin Gishu haikuwataka London. Julai 1938, baada ya Hitler kuimeza Austria, nchi 32 zilikutana Évian, Ufaransa, kujadili wakimbizi. Karibu kila mjumbe alisikitika, na karibu kila mjumbe alieleza kwa nini nchi yake haina nafasi. Kenya ilipokea mamia machache, na walowezi wakanung'unika kama baba zao. Miongoni mwa waliofika alikuwa msichana mdogo, Stefanie Zweig, ambaye baadaye aliandika riwaya juu ya utoto wake katika mashamba ya Kenya; filamu iliyotokana nayo ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2003. Desemba 1940 Waingereza waliwakamata wakimbizi wapatao 1,580 waliofika Palestina bila vibali, wakawavusha Bahari ya Hindi hadi Mauritius, wakawatia katika gereza la Beau Bassin. Walikaa humo hadi 1945. Zaidi ya 100 wamezikwa kisiwani. Wakati huo Ulaya watu milioni 6 wa kabila lao walikuwa wakiuawa, watu ambao kwa mujibu wa Protokali walikuwa na kila serikali mfukoni.

Maandishi yenyewe yalifichuliwa mapema. Agosti 1921 Philip Graves, mwandishi wa The Times mjini Constantinople, aliletewa kitabu cha zamani cha Kifaransa kisicho na ukurasa wa jina. Aliyekileta alikuwa Mrusi mkimbizi aliyehitaji fedha, wala hakuwapenda Wayahudi. Kitabu hicho kilikuwa cha Maurice Joly, wakili aliyechapisha mwaka 1864 mazungumzo ya kubuni kati ya Machiavelli na Montesquieu huko kuzimu, ili amkejeli mfalme Napoleon III. Joly alifungwa miezi 15 kwa kazi hiyo. Hakuna Myahudi hata mmoja katika njama yake. Graves aliweka aya za Joly upande mmoja na za Protokali upande wa pili, na kila msomaji akaona kwa macho yake: mwizi alinakili, akafuta jina la mfalme, akaandika Wayahudi. The Times lenyewe mwaka mmoja kabla lilikuwa limejiuliza kwa uzito kama maandishi hayo si ya kweli. Angalau lilichapisha jibu. Marekani, Henry Ford aliyasambaza kwa miaka kupitia gazeti lake, akaomba radhi mwaka 1927.

Nimezisikia Protokali hizo kijiweni, na nimeletewa vipande vyake kwenye simu na watu ninaowaheshimu. Mara nyingi mazungumzo huanzia Gaza, na hasira ya Gaza naielewa. Mtu anaweza kuishutumu serikali ya Israeli asubuhi hadi jioni kwa inayoyatenda, na wako Wayahudi wanaofanya hivyo. Ila maandishi ya Krushevan yalitoka miaka 45 kabla ya dola hiyo kuwapo, kisha polepole yakahamia lugha nyingine, hadi kwenye mkataba wa Hamas wa 1988 ulioyataja kama ushahidi; waraka wao wa 2017 haukuyarudia. Ninapoeleza habari za Joly na Graves, jibu ninalopewa huwa moja: hata kama yameghushiwa, yanasema kweli. Hoja hiyo ina mwenyewe. Hitler aliandika katika Mein Kampf kwamba gazeti la Frankfurt linapolalamika kuwa maandishi hayo ni ya kughushi, hilo ndilo linalothibitisha kuwa ni ya kweli.

Walioyaamini maandishi hayo hawakusubiri Hitler ashike madaraka. Tarehe 24 Juni 1922, miezi kumi baada ya Graves kuchapisha aya zake, Walther Rathenau, Myahudi aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Ujerumani, alikuwa akielekea kazini Berlin katika gari la wazi. Vijana walimpita kwa gari lao, wakampiga risasi na kumtupia bomu la mkono. Mahakamani, dereva wao, Ernst Werner Techow, alieleza sababu: Rathenau alikuwa mmoja wa Wazee wa Sayuni.