Njia ya Taveta

Msomaji anayetoka Same kwenda Moshi, akifika Himo, ataona barabara inayokata kulia kwenda Holili. Si njia ndefu. Baada ya Holili kuna mpaka, na baada ya mpaka upo mji wa Taveta, nchini Kenya. Nimeipita njia hiyo nikiwa mtoto, nikiwa mwalimu, na sasa nikiwa mstaafu. Juni 2024 niliipita pamoja na binti yangu, mumewe na wajukuu wangu watatu, tukienda kuzuru kaburi la shangazi yangu. Kabla hatujafika Himo mjukuu mmoja aliniuliza, "Babu, huyo shangazi yako alikwendaje kuolewa nchi nyingine?" Nilimjibu kwamba hakuolewa nchi nyingine, aliolewa ng'ambo ya ziwa. Niliona jibu langu halikumridhisha, na kwa ajili yake naandika haya.

Nilizaliwa Usangi mwaka 1949. Ukisimama kwenye migongo ya milima ya Upare Kaskazini inayotazama mashariki, unaliona Ziwa Jipe chini yako, na ng'ambo yake tambarare ya Taveta. Wazee wetu hawakuona nchi mbili pale. Waliona ziwa, soko na jamaa. Wataveta wana koo zilizotokana na Upare, na lugha yao ina maneno mengi yanayokaribiana na Chasu. Kumwoza binti Taveta kulikuwa kama kumwoza kijiji cha pili.

Mpaka ulikuja kwa karatasi. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana kugawana nchi hizi. Mstari wao ulianza pwani, kwenye mlango wa Mto Umba, ukaja moja kwa moja hadi Ziwa Jipe, kisha ukapita kati ya nchi ya Wataveta na nchi ya Wachaga, ukazunguka Kilimanjaro upande wa kaskazini na kuelekea Ziwa Victoria. Hakuna Mpare wala Mtaveta aliyeulizwa. Ipo hadithi kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake, Kaisari Wilhelm, mlima Kilimanjaro. Nakiri kwamba nami niliifundisha darasani kwa miaka mingi. Si kweli. Mapatano yalifanywa 1886, na Wilhelm alikuja kutawazwa 1888.

Mstari huo ulipiganiwa. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta, na Machi 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliirudisha. Baada ya vita hivyo Mwingereza alitawala pande zote mbili, na mpaka ukabaki kwenye ramani zaidi kuliko barabarani. Nilipokuwa na umri wa miaka tisa baba alinichukua kwenda kumsalimu dada yake. Tulishuka kwa miguu hadi Mwanga, tukapanda basi. Sikumbuki mtu yeyote aliyetuuliza karatasi. Nakumbuka tu kwamba senti 10 yenye tundu katikati, niliyopewa na mama nyumbani, ilinunua ndizi Taveta vilevile kama ilivyonunua Mwanga.

Tulipopata uhuru tulidhani mambo yatakuwa mepesi zaidi. Mwaka 1966 kila nchi ilianza kutoa fedha yake, lakini mwaka 1967 Kenya, Uganda na Tanzania zilitia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, makao makuu Arusha. Reli, bandari, posta na ndege vilikuwa vya wote. Kisha Januari 1971 Idi Amin alipindua serikali ya Uganda, Mwalimu Nyerere akakataa kukaa naye meza moja, na baraza la marais halikukutana tena. Kenya na Tanzania nazo zilikuwa zimeshika njia mbili tofauti za uchumi, zikagombana juu ya mapato, magari makubwa na reli. Mwanzoni mwa 1977 shirika la ndege la pamoja lilianguka na Kenya ikaanzisha lake. Tarehe 4 Februari 1977, siku moja kabla ya CCM kuzaliwa, serikali yetu ilifunga mpaka.

Mimi nilikuwa mwalimu kijana niliyetoka chuo cha ualimu na imani kubwa. Katika kipindi cha siasa niliwaeleza wanafunzi sababu zote nilizozitaja hapa, tena kwa ufasaha. Sikuwaeleza habari za shangazi. Ukutani kulikuwa na ramani, na juu ya ramani kila kitu kilikuwa kimenyooka.

Mwaka 1981 shangazi aliugua. Habari zililetwa na mama mmoja aliyepita njia za panya kufuata sabuni, maana wakati huo dukani hapakuwa na kitu. Baba alikuja kwangu jioni. Nilikuwa nimekwisha kuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Akaniuliza, "Mwanangu, nikipita kando ya ziwa usiku nikamwone dada yangu, wewe utapata matatizo?"

Alikuwa ananiomba nimwambie nenda. Nilijua hivyo, na nilijua pia kwamba mwalimu mkuu ambaye baba yake amekamatwa mpakani ataitwa wilayani kujieleza. Nikamwambia, "Baba, mpaka umefungwa. Ngoja kidogo, viongozi wanazungumza." Akangoja. Baada ya wiki tatu yule mama alirudi na habari kwamba shangazi amezikwa, na kwamba upande wa kaka yake hapakuwa na mtu.

Novemba 1983 marais watatu, Nyerere, Moi na Obote, walikutana Arusha, wakamaliza shauri la kugawana mali za Jumuiya, na mpaka ukafunguliwa. Desemba hiyo nilimpeleka baba Taveta. Alikaa kwenye kaburi muda mrefu. Aliposimama alinitazama akasema, "Ulinishauri vema, mwalimu." Tangu nizaliwe alikuwa ananiita mwanangu.

Kwa miaka mingi niliwalaumu Wazungu na rula yao. Wanastahili lawama. Lakini mstari wa 1886 haukumzuia babu yangu kumwoza binti yake, wala haukunizuia mimi kula ndizi za Taveta. Waliochora ni wao, tuliofunga ni sisi, kwa miaka sita na miezi tisa. Sisemi kwamba serikali haikuwa na sababu. Nasema kwamba katika sababu zile zote hapakuwa na mahali pa kuandika jina la mgonjwa, na watu kama mimi, tuliolijua jina hilo, tulinyamaza. Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Nilikuwa nafanana na baba yangu, sikumfaa.

Mkataba mpya wa Jumuiya ulitiwa sahihi Arusha mwaka 1999, ukaanza kazi 2000, na mwaka 2016 kituo cha pamoja cha Holili na Taveta kilizinduliwa. Anayekwenda Kenya hapigi foleni tena pande mbili. Maofisa wa nchi zote mbili wanakaa chini ya paa moja upande wa Taveta, na wa kurudi humaliza shughuli zake Holili. Sisi sita na gari letu hatukuchukua saa nzima. Wajukuu wa shangazi walitupokea kwa pilau, na watoto wakaanza kucheza mpira kabla wakubwa hawajamaliza kusalimiana.

Wakati wa kurudi mjukuu yule yule aliuliza kama mpaka unaweza kufungwa tena. Nilimwambia unaweza. Mkataba wa 1967 nao ulikuwa na sahihi za marais watatu. Nikamwambia pia kwamba siku hiyo ikifika, akiulizwa na mzee anayetaka kwenda kumwona dada yake, amwambie aende.