Kutuma pesa kwa benki: piga hesabu mpaka zifike mkononi

Mamangu mdogo alipolazwa hospitalini Mombasa, sisi ndugu tulichangishana na mimi nikaachiwa kazi ya kutuma. Ilikuwa Ijumaa jioni. Niliingia kwenye programu ya benki yangu simuni, nikaona njia tatu za kupeleka pesa benki nyingine, nikachagua ile yenye ada ndogo kuliko zote. Pesa zilitoka kwangu papo hapo. Kwa binamu yangu, aliyekuwa akisimama kwenye dirisha la malipo, ziliingia Jumatatu mchana. Siku zote hizo alikuwa akinipigia: "Kaka, umetuma kweli?"

Nilikuwa nimetumia EFT. Kwa njia hiyo benki hukusanya malipo ya wateja kwa mafungu na kuyapitisha siku za kazi tu. Haina ubaya kwa kodi ya nyumba unayojua tarehe yake, lakini kwa mgonjwa haifai, na hasa Ijumaa jioni.

Ya pili ni RTGS. Huu ni mtambo wa Benki Kuu ya Kenya ulioanza mwaka 2005, na kila malipo hupita peke yake badala ya kungoja fungu. Pesa hufika siku hiyo hiyo ya kazi, lakini ada yake ni kubwa. Wanaoihitaji ni wanaonunua kiwanja au gari, kwani tangu 2009 malipo ya zaidi ya shilingi milioni moja hayapiti kwa hundi wala EFT. Kumtumia mtu elfu kumi kwa RTGS ni kukodi lori kubeba kikapu cha maembe.

Ya tatu ndiyo ningeichagua siku ile: PesaLink. Ilianzishwa na mabenki yenyewe mwaka 2017, na hupeleka pesa kutoka akaunti ya benki moja hadi ya nyingine kwa sekunde chache, usiku na mchana, Jumapili na hata siku ya Idi. Kiwango cha juu kwa mara moja ni shilingi 999,999. Ada hupangwa na kila benki, na hapo ndipo wengi hukosea kwa kudhani bei ni moja kote. Kuna benki zisizotoza chochote kwa kiasi kidogo, na kuna zinazotoza vizuri tu. Itazame kwenye programu kabla ya kubonyeza. Utazame pia kama ushuru umeshahesabiwa ndani yake, maana Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka ushuru wa asilimia 15 juu ya ada za benki na za simu, na baadhi ya benki huuonyesha kando.

Sasa linganisha na simu. Kwa bei za M-Pesa zilizoanza Julai 2023, kumtumia mtu shilingi 10,000 ni shilingi 90. Wengi huishia hapo katika hesabu. Lakini bibi aliyeko Lamu akienda kwa wakala kuzitoa zote kwa pamoja, atakatwa 115. Jumla ni 205. Ukimtumia kila mwezi, kwa mwaka ni 2,460, na hizo zingenunua mchele wa kutosha. Wapo wanaogawa ili wapunguze, wakituma 2,500 mara nne. Kila mara ni 33, kwa hivyo kutuma peke yake kunafika 132. Wamejiongezea. Upande wa kutoa ndio una mwanya kidogo: kutoa 5,000 kwa mkupuo ni 69, ilhali kutoa 2,500 mara mbili ni 58. Ni shilingi 11 tu, lakini bibi yangu hizo haachi.

Kwa hiyo swali la kwanza si ada ya kutuma ni ngapi. Swali ni huyo anayepokea atazitumiaje. Kama ana akaunti benki ile ile uliyo nayo wewe, mara nyingi kumtumia ni bure au karibu na bure, na sijaona njia inayoshinda hiyo. Kama ana akaunti benki nyingine na ATM ya benki yake iko karibu, PesaLink. Kama yuko kisiwani na aliye karibu ni wakala wa simu peke yake, basi mtumie kwenye simu, ila umwambie alipe dukani kwa nambari ya Till inapowezekana, kwani mnunuzi hakatwi ada. Pesa asiyoitoa haimgharimu.

Na kuna shimo ambalo halimo katika orodha yoyote ya ada: Fuliza. Mtu akiwa na deni la Fuliza, pesa yoyote inayoingia kwenye M-Pesa yake hulipa deni kwanza. Ukimtumia 3,000 za dawa naye anadaiwa 2,000, atabaki na 1,000, na huenda akaona haya kukueleza. Kwa karo na bili ya hospitali siku hizi sipitishi kwa mtu. Naomba nambari ya Paybill na ya mwanafunzi au mgonjwa, nalipa moja kwa moja kutoka benki, kisha nawatumia risiti.

Soma jina kabla ya kuthibitisha. Kwenye M-Pesa ukikosea nambari, peleka ule ujumbe wa muamala kwa 456 upesi kabla pesa hazijatolewa. Kwenye benki ni kazi ndefu zaidi, kwa kuwa aliyezipokea anatakiwa akubali kuzirudisha. Mimi nikituma kwa mtu mpya natanguliza shilingi mia, akisema ameziona ndipo nazituma zilizobaki.

Jamaa zetu walioko Ghuba wana hesabu yao, na adui yao si ada bali bei ya kubadilisha. Tuseme dada yuko Jeddah na riyali 1,000. Duka moja linamwambia kutuma ni bure, na kila riyali linaihesabu shilingi 33.50. Jingine linatoza riyali 15, lakini linahesabu shilingi 34.30. La bure litafikisha nyumbani shilingi 33,500. La pili litafikisha 33,785, na ada ameshalipa. Asiulize kutuma ni pesa ngapi. Aulize, "Nikikupa riyali elfu sasa hivi, mamangu atapokea shilingi ngapi?" Kisha aulize swali lilo hilo duka la pili kabla hajafungua pochi.