Mali ya Uluguru Isiyo na Kishindo

Watu wengi wakisikia habari za mtu aliyefanikiwa katika biashara huuliza kwanza, "Alipata bahati gani?" Ni wachache waulizao, "Aliamka saa ngapi, na kwa muda wa miaka mingapi?" Leo nataka kuwaeleza habari za milima ya Uluguru, maana historia yake yalijibu swali hilo la pili vizuri kuliko hadithi nyingi za matajiri.

Kwanza na tutazame zile mali zilizokuja kwa kishindo. Katika karne ya 19 njia ya misafara itokayo Bagamoyo kwenda bara ilipita chini ya milima hii. Penye mji wa Morogoro palikuwa na ngome ya Kisabengo, na baada yake akatawala binti yake, Simbamwene. Stanley alipopita hapo mwaka 1871 aliusifu sana mji huo na kuta zake. Misafara ilitozwa ushuru, ikanunua chakula, na wenye mji wakawa na fahari kubwa. Walakini mwaka 1872 mafuriko yalibomoa ukuta na nyumba nyingi. Na miaka ilipopita, biashara ya pembe za ndovu nayo ikafa, na njia ya misafara ikamezwa na majani.

Kisha walikuja Wadachi na reli. Kazi ya kuijenga ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, gari la moshi likafika Morogoro mwaka 1907, na mwaka 1914 reli ikafika Kigoma. Wakati huo ulanga ulichimbwa katika Uluguru, ukapelekwa Ulaya. Na katika koloni walowezi walipanda mpira kwa pupa, kwa kuwa bei yake ilikuwa juu sana. Kila mtu alisema, Huu ndio utajiri. Ikawa mwaka 1913 mpira wa mashamba ya Malaya ulipojaa sokoni, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakaachwa. Miti iliyopandwa kwa tumaini kubwa haikustahili hata gharama ya kuigema.

Sasa tazameni ajabu. Katika zamani hizo hizo, huko juu Mgeta, upande wa magharibi wa milima, mali nyingine ilianza pasipo mtu kupiga tarumbeta. Vilele vya Uluguru vyapita meta 2,600, na huko Mgeta hewa ni ya baridi na maji hayakosekani vijitoni. Wazungu, walowezi na wamisionari, walileta mbegu za mboga za kwao: kabichi, njegere, karoti, viazi vya Kizungu, na miti ya matunda ya nchi za baridi. Waluguru walizitazama, wakazijaribu katika vipande vyao vidogo, wakaona kwamba zinakubali, tena zina wanunuzi katika mji wa Morogoro na Dar es Salaam. Kabichi si pembe ya ndovu. Hakuna aliyepata kuimba sifa zake. Lakini pembe zimekwisha, mpira umekwisha, na kabichi ingali inashuka mlimani hata leo.

Yatupasa tuulize, kwa nini? Jawabu limo katika kazi yenyewe. Mboga haimngoji mtu. Mbegu husiwa kitaluni, miche huhamishwa baada ya majuma machache, na wakati wa kiangazi mkulima hana budi kuelekeza maji ya mfereji kila mara, kwa zamu na jirani zake, maana mfereji ni wa wengi. Asipopalilia juma hili, juma lijalo majani yamemshinda. Kabichi yahitaji kama miezi mitatu hata ikomae, na ikiisha kukomaa haiwekwi ghalani kama mahindi, sharti iuzwe.

Kwa hiyo mkulima mwenye akili hapandi shamba lake lote siku moja. Apandaye yote pamoja na wenziwe huvuna yote pamoja na wenziwe, wakajaza soko, bei ikashuka, naye akarudi nyumbani na fedha kidogo na maneno mengi. Bali yule apandaye kitalu kidogo leo, na kingine baada ya majuma mawili, na kingine tena, huwa na kitu cha kupeleka karibu kila gulio. Siku bei ikiwa mbaya hapotezi vyote. Siku ikiwa nzuri yumo. Watu husema ana bahati. Sivyo, yeye huwapo sokoni siku zote, basi siku njema ikija humkuta.

Tena kuna udongo. Tangu kale Waluguru wa Mgeta walikuwa na ngazi zao mashambani. Mkulima hukata majani, huyapanga kwa mistari ikingamayo mteremko, huyafukia kwa udongo. Majani huoza yakawa mbolea, na ule mstari huzuia udongo usichukuliwe na mvua. Ni kazi ya jembe na mgongo, haionekani kwa mbali. Lakini pasipo kazi hiyo mlima ungalibaki mawe, maana vipande vya ardhi ni vidogo, navyo hufuata ukoo wa mama tangu mababu, wala hakuna mlima mwingine wa kuhamia.

Hapa pana jambo ambalo lisipoelezwa, somo letu litakuwa nusu. Je, kila kazi ngumu ya kila siku huleta faida? La. Mwaka 1950 Serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi katika Uluguru. Watu waliamriwa kuchimba matuta mapana milimani, na asiyetii alitozwa faini. Kusudi lilikuwa kuokoa udongo, nalo halikuwa baya. Lakini upande wa mashariki, kama huko Matombo, udongo wa rutuba ni mwembamba. Jembe lilipochimba kwenda chini lilitoa juu udongo usio na nguvu, na mazao yakawa haba kuliko kwanza. Watu walitoka jasho wala hawakuona tunda lake. Julai 1955 ghasia zilitokea Matombo, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukaachwa.

Huko Mgeta, hata hivyo, matuta mengi hayakuachwa. Kwa nini? Kwa sababu huko palikuwa na maji ya mifereji, na mboga zilizopandwa juu ya matuta zililipa jasho la mwenye kuyachimba. Jembe lilikuwa lile lile, na jasho lile lile. Basi tujifunze kwamba bidii ni lazima iwe na macho. Mtu adumuye katika kazi isiyomfaa, asiipime wala kuibadili, huyo hana bidii, ana mazoea tu.

Tuishuke sasa milima, tuufuate mzigo. Mwanzoni mboga zilishuka kichwani na kwa mizegazega, njia za miguu zenye utelezi, kabla ya barabara kuruhusu malori. Kisha vijana wa Kiluguru wakaufuata mzigo hata Dar es Salaam, kilometa 200 hivi kutoka Morogoro, wakawa wauzaji katika soko la Kariakoo. Wengi walianza na tenga moja. Mmoja hukaa mjini kuuza, ndugu yake hukaa milimani kukusanya. Huyu hupeleka habari za bei, yule hupeleka mzigo. Mara nyingi mkulima hutoa mboga kwa ahadi, akangoja fedha zirudi. Biashara ya namna hiyo haina mtaji mkubwa kuliko uaminifu, na uaminifu haununuliwi kwa siku moja. Hujengwa kila mara fedha zinaporudi kama zilivyoahidiwa, na huvunjika mara ya kwanza zisiporudi.

Wala njia yao haikuwa laini. Mwaka 1983, katika mpango wa Nguvu Kazi, watu wa biashara ndogo ndogo walikamatwa Dar es Salaam wakarudishwa mashambani. Wengi walirejea na matenga yao. Julai 2021 soko la Kariakoo likaungua moto, na wenye bidhaa wakatafuta mahali pengine pa kuuzia. Katika mwaka huo huo Morogoro ilifunguliwa soko kuu jipya, likapewa jina la Chifu Kingalu, mwenye cheo cha kale cha watawala wa Kinole. Masoko huungua na masoko hujengwa. Yule ajuaye kazi yake na kujulikana kwa uaminifu huweza kuanza tena.

Msidhani nasema kwamba kila mwenye kabichi ni tajiri. Sivyo. Wengi wamebaki wadogo, bei hupangwa mbali nao, na mvua ikiharibu barabara mzigo huoza. Lakini kwa fedha hizo kidogo kidogo watoto wengi wamesomeshwa na mabati mengi yamepanda milimani. Tena, katika miaka ya mwisho ya 1980 mbuzi wa maziwa wa asili ya Norwe waliletwa Mgeta kwa njia ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro, na wakulima waliozoea kazi ya kila siku waliwaweza. Maana mbuzi wa maziwa hukamwa kila siku, hajui sikukuu, na samadi yake hurudi shambani.

Wazee walisema, bandu bandu huisha gogo. Methali hii ina makali pande mbili. Tuseme mtu aweka akiba shilingi 1,000 kila gulio, na magulio ni mawili kwa juma. Mwaka ukiisha ana shilingi 104,000, yaani bei ya mbegu na mbolea asizokopa. Lakini anywaye shilingi 1,000 kila gulio, naye amepoteza 104,000, wala hakumbuki zilikokwenda. Ndiyo sababu yasemwa pia, mali bila daftari huisha bila habari. Ninyi mnaosoma gazeti hili mmejaliwa kusoma na kuandika. Basi nunueni daftari moja, na kila jioni ya gulio andikeni mambo matatu: nilichotoa, nilichopata, ninachodaiwa. Fanyeni hivyo kwa mwaka mzima kabla ya kuuliza kama kuna bahati.

Na kijana akiona jirani aliyetajirika kwa siku moja, asimwonee kijicho, wala asiuze jembe. Aulize kwanza pembe zilikwenda wapi, na mpira ulikwenda wapi. Kisha asimame alfajiri kando ya njia ya Mgeta, atazame ni nini kinachoteremka.