Siku mbili Tanga na watoto wadogo: mambo ya kupanga kabla ya safari

Likizo za Juni na Desemba zinapokaribia, wazazi walioko Lushoto, Bumbuli, Korogwe na Handeni huanza kuulizana: tuwapeleke watoto wakaione bahari? Inawezekana, na si lazima iwe safari ya gharama kubwa. Hapa tumekuandalia mambo ya msingi kwa familia yenye watoto wa chini ya miaka minane.

Uende lini?

Desemba hadi Machi ni kipindi cha kaskazi na joto la pwani huwa kali. Masika hufuata mpaka Mei. Juni hadi Agosti upepo wa kusi hupoza hewa, na huo ndio wakati mwepesi zaidi kwa mtoto aliyezoea baridi ya milimani. Ukibahatika, machungwa ya Muheza nayo yatakuwa yameiva njiani.

Safari yenyewe

Kutoka Lushoto basi hushuka Mombo, hupita Korogwe, Segera na Muheza, kisha Tanga mjini. Panda la asubuhi ili ufike mchana, watoto wapumzike. Beba maji, chakula kikavu, mfuko kwa anayetapika kwenye kona za mlimani, na nguo moja ya kubadilisha mahali pa karibu, si ndani ya begi lililo kwenye buti.

Malazi

Kabla ya kulipa gesti, uliza mambo manne: kuna chandarua kizima? Feni inafanya kazi? Maji yanatoka? Bei ni ya chumba au ya mtu? Mjini bajaji ni nyingi, hivyo si lazima ulale ufukweni. Patana nauli kabla ya kupanda.

Panga jambo moja asubuhi na moja jioni

Kosa la wengi ni kutaka kuona kila kitu. Mtoto wa miaka minne akichoka, safari ya wote imekwisha. Mpango huu unatosha:

Siku ya kwanza, jioni: bustani ya Jamhuri inayotazama bandari. Watoto wataona meli, na ng'ambo kidogo Kisiwa cha Toten. Kula mihogo ya kukaanga na mishikaki, kisha mkalale mapema.

Siku ya pili: bahari upande wa Raskazone, ambako kuna sehemu za kuogelea zenye kiingilio. Saa za jua kali, kuanzia saa tano hadi saa tisa, rudini kivulini. Madafu na usingizi wa mchana vina nafasi yake.

Mapango ya Amboni yako kama kilomita 8 kaskazini mwa mji, kandokando ya barabara ya Horohoro. Ni mapango ya mawe ya chokaa, yana giza, popo na njia nyembamba. Mtoto wa miaka sita na kuendelea hufurahia akiwa na viatu vilivyofunga, tochi na mwongozaji. Mwenye mtoto mchanga mgongoni ni afadhali abaki nje.

Jua maji yanajaa saa ngapi

Hili watu wa bara hulisahau. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au umeandama, maji hujaa sana alasiri, karibu saa kumi hadi saa kumi na moja, na hupwa sana saa nne hadi saa tano asubuhi. Tofauti yake huweza kupita mita 3. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi, wala si kwa nguvu sana. Muulize mvuvi yeyote, atakwambia ya siku hiyo.

Maji yakipwa, watoto hucheza kwenye vidimbwi, lakini wavae ndara au raba: kuna mawe makali na viumbe weusi wenye miiba. Yakianza kujaa, rudini ufukweni mara moja.

Kubwa kuliko yote: mtoto anayezama hapigi kelele. Hunyamaza na kutoweka. Mtu mzima mmoja awe ndani ya maji, mtoto akifikiwa kwa mkono, simu ikiwa imebaki kwenye begi. Mkiwa wengi, peaneni zamu kwa kutajana majina, maana "wote tunaangalia" mara nyingi ni hakuna anayeangalia. Boya la kupuliza si mlinzi. Upepo hulisukuma kina kirefu pamoja na mtoto.

Mkisharudi nyumbani

Watoto wa maeneo ya juu hawajazoea malaria, hivyo ikiwapata huweza kuwa kali. Walale ndani ya chandarua usiku wote mkiwa Tanga. Homa inaweza kujitokeza wiki moja au zaidi baada ya kuumwa na mbu, wakati safari imeshasahaulika. Mtoto akichemka ndani ya mwezi mmoja, mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo, apimwe, na mseme wazi kwamba alikuwa pwani.