Mwitikio wa kimataifa kwa uvamizi wa Kagera

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yaliingia Tanzania kaskazini mwa mto Kagera. Askari hao waliua raia, wakapora ng'ombe na kuchoma nyumba, kisha wakalipua daraja la Kyaka. Tarehe 1 Novemba Rais wa Uganda, Idi Amin, alitangaza kuwa eneo hilo ni sehemu ya Uganda.

Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ulijitokeza kama msuluhishi, si kama hakimu. Rais Nyerere wa Tanzania alidai kwanza umlaani mvamizi, lakini haukufanya hivyo. Hilo lilikuwa doa kubwa kwa chombo ambacho mwaka 1964 kiliamua mipaka iliyorithiwa iheshimiwe. Msumbiji ilituma askari kuisaidia Tanzania. Libya ilituma askari wake kumwokoa Amin, na wengi waliuawa au kutekwa.

Kenya haikuegemea upande wowote, ingawa ilikuwa na sababu ya kuhofu. Februari 1976 Amin alidai kuwa magharibi mwa Kenya ni ardhi ya Uganda, na Rais Kenyatta wa Kenya akakataa katakata.

Majeshi ya Tanzania yalijibu mashambulizi, yakaingia Uganda, na Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Julai, kwenye mkutano wa OAU mjini Monrovia, Tanzania ndiyo iliyolaumiwa na viongozi Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria kwa kuvuka mpaka. Gharama za vita Tanzania ilizibeba yenyewe kwa sehemu kubwa.