Mpango Umfuate Mgonjwa: Historia Fupi ya Mionzi na Tezi Dume

Miaka kadhaa iliyopita mjomba wangu aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume. Alipoelezwa kuhusu tiba ya mionzi, hakuuliza kama atapona. Aliuliza kama ataweza kuuzuia mkojo mbele ya wajukuu wake. Swali lile ndilo lililonipeleka kwenye historia ya tiba hii.

Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895. Mashine za kobalti zilianza kutibu wagonjwa nchini Kanada mwaka 1951, na kabla muongo huo haujaisha Malcolm Bagshaw wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alikuwa akielekeza mionzi yenye nguvu kubwa kwenye tezi dume. Lakini tezi hiyo ina majirani: juu yake kuna kibofu, na nyuma yake utumbo wa haja kubwa. Kibofu hujaa, utumbo hutanuka, nayo tezi husogea kwa milimita kadhaa. Hata hivyo, kwa miongo mingi mpango wa tiba ulichorwa mara moja tu, kisha ukafuatwa kwa majuma saba au nane. Ili shabaha isikosewe, madaktari waliongeza ukingo kuizunguka tezi, na ukingo huo uliwaunguza majirani.

Mwaka 1997 Di Yan na wenzake wa Hospitali ya William Beaumont, jimboni Michigan, walichapisha hoja tofauti: mgonjwa apigwe picha mara kwa mara tangu siku za mwanzo, mwendo wa viungo vyake upimwe, kisha mpango urekebishwe umfuate yeye. Tangu mwaka 2017, huko Utrecht, Uholanzi, mashine inayounganisha MRI na mionzi imewezesha marekebisho hayo mgonjwa akiwa bado kitandani.

Thamani ya milimita hizo imepimwa. Katika utafiti wa MIRAGE wa Los Angeles, uliochapishwa mwaka 2023 na kuhusisha wanaume 156, walioongozwa na picha za CT waliwekewa ukingo wa milimita 4, na walioongozwa na MRI milimita 2. Madhara ya mkojo yaliyohitaji matibabu katika miezi ya mwanzo yaliwapata takriban asilimia 43 ya kundi la kwanza, na asilimia 24 ya kundi la pili.

Sihitimishi kwamba kila hospitali inunue mashine ya Utrecht. Wazo la 1997 lilisimama juu ya picha zilizorudiwa na watu waliojua kuzisoma. Basi tunapohesabu mashine zilizozinduliwa, tuhesabu pia wataalamu wa fizikia tiba walioajiriwa. Mjomba aliuliza swali la heshima ya mtu, na jibu lake huandikwa kwenye bajeti.